Kuzika hewa ukaa na kuhifadhi haidrojeni chini ya ardhi kwa kompyuta: maswali mnayoniulizaga sana

Niko Mtwara mjini, Shangani, na kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta nikichora miamba ambayo sijawahi kuiona na sitakaa niione. Kila nikienda kijiweni swali ni lilelile, "kwani we unafanyaga nini hasa?", nikijibu watu wanacheka afu wanauliza tena wiki inayofuata. Sasa nimechoka kurudia, nimeandika yote hapa, ukiniuliza nakutumia hii.

Kwanza kabisa, kuna mradi wa kuzika hewa ukaa hapa Mtwara?

Hakuna. Hewa ukaa ni kaboni dioksaidi, ile ya moshi inayoongeza joto duniani, na kuizika ni kuisukuma chini ya ardhi isirudi juu. Naanza na hili maana najua uvumi unavyotembea huku, kesho utasikia Msimbati watu wanahamishwa. Gesi ya Mnazi Bay bado inatoka, Songo Songo kule Kilwa bado inatoka, hakuna mtu wa kujaza kitu kwenye chungu ambacho bado kinapikiwa. Ninachofanya ni modeli za kujifunzia na za utafiti, nyingi natumia data za Norwe zilizowekwa wazi kwa watu wote.

Huko chini kuna shimo kubwa au? Mnaijaza wapi hiyo hewa?

Hapana jamani, hili ndo kosa namba moja, watu wanafikiria pango. Chukua ndoo, ijaze mchanga wa pale ufukweni Msimbati mpaka juu, unaona imejaa si ndiyo, haya sasa mimina maji, utashangaa yanaingia mengi tu kabla hayajafurika. Yale maji yamekaa katikati ya punje na punje. Mwamba wa mchanga huko chini ni hivyohivyo, umeshindiliwa ukawa jiwe lakini vitundu vimebaki, na kwenye vitundu ndimo gesi asilia inakaa miaka mamilioni, na ndimo tungeweka hewa ukaa au haidrojeni. Mara nyingi vimejaa maji ya chumvi, kwa hiyo gesi ikiingia lazima maji yasogee, na hapo ndipo kazi yote ya modeli inapoanzia, yasogee kwenda wapi, kwa presha gani, na yatarudi lini.

Juu yake lazima kuwe na mwamba mfuniko, wa mfinyanzi au chumvi, ambao vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba gesi haipenyi. Bila mfuniko huna ghala, una chujio.

Kwa nini kila mtu anataja mita 800?

Kwa sababu ya presha na joto. Hewa ukaa ikizidi nyuzi 31 na presha ikazidi bar 74 hivi inakuwa kitu cha ajabu, si gesi si maji, inapenya kama gesi lakini ni nzito karibu na kimiminika. Kila mita 10 za maji zinaongeza bar 1, kwa hiyo ukishuka mita 800 una kama bar 80, umevuka. Faida yake ni nafasi: tani moja ya hewa ukaa hapa juu inachukua karibu mita za ujazo 550, hiyo ni nyumba nzima, ila ukiipeleka kwenye bar 100 na nyuzi 50 inakaa kwenye mita za ujazo 2.6 tu, tenki la maji la uani.

Lakini hapa ndo naombaga watu watulie. Hesabu nyingi za kwenye vitabu zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Chini ya bahari ya Kaskazini unaanzia nyuzi chache tu pale sakafuni, sisi pwani ya kusini ardhi inaanza na nyuzi 26, 27 kabla hujachimba hata tundu la panya, na kila kilomita inaongeza nyuzi kama 25 mpaka 30. Joto linaifanya hewa ukaa ipungue uzito. Kwenye bar 100 na nyuzi 50 ni kilo 380 hivi kwa mita ya ujazo, wakati wao wanaandika 600 au 700 kirahisi tu. Ukinakili namba yao ukaibandika kwenye modeli ya Lindi, ghala lako limekuwa kubwa karibu mara mbili kwenye karatasi. Nimeiona hiyo na mimi mwenyewe nimeifanya.

Sasa hiyo modeli yenyewe ni nini? Ni picha?

Picha ndo inakuja mwisho. Mwanzo ni vyumba. Unaukata mwamba wote kwenye vijumba vidogo kama matofali, kila kijumba unakipa tabia zake, vitundu asilimia ngapi, upenyevu kiasi gani (yaani gesi na maji yanapita kirahisi kiasi gani), maji kiasi gani, presha, joto. Afu kompyuta inauliza kila kijumba, "we na jirani yako nani ana presha kubwa?", mwenye presha kubwa anamsukumia mwenzake, na hesabu ya msingi ni ya Mfaransa mmoja Henry Darcy aliyekuwa anachunguza maji yanavyopita kwenye mchanga mji wa Dijon, mwaka 1856. Mpaka leo tunatumia jina lake kupima upenyevu, darsi na milidarsi.

Tatizo ni wingi. Chukua eneo la kilomita 10 kwa 10, unene mita 100, sema unataka vijumba vya mita 50 kwa 50 na unene wa mita 1. Hiyo ni 200 mara 200 mara 100, vijumba milioni 4. Kila kimoja na hesabu zake, kila hatua ya muda, miaka 30 ya kuingiza na miaka 1,000 ya kuangalia. Na hutaki kuiendesha mara moja, unataka mara mia kadhaa ukibadilisha vitu usivyo na uhakika navyo. Laptopu yangu ikianza hiyo kazi inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Na umeme ukikatika kabla hujaseva, mwanawane, kaa chini unywe maji.

Na hizo tabia za kila kijumba mnazijuaje wakati hamjafika huko?

Hatuzijui. Swali zuri kuliko yote ni hili na ndilo linaloulizwa kidogo kuliko yote.

Kisima kinakupa kipande cha mwamba upana wa kiganja. Kisima kinachofuata kiko kilomita kadhaa mbele. Katikati hapo una mawimbi ya mtetemo, unapiga mshindo juu, unasikiliza mwangwi, unapata picha ya tabaka ambayo tabaka nyembamba ya mita mbili tatu haionekani kabisa. Zilizobaki ni kukadiria kwa takwimu. Ni kama umepewa kuonja kijiko kimoja cha pilau ya Newala na kijiko kimoja cha pilau ya Masasi, afu uambiwe ueleze wamepika nini Nanyamba.

Mfano mzuri ni uwanja wa gesi wa Sleipner, Norwe. Walianza 1996 kuingiza hewa ukaa kwenye mchanga unaoitwa Utsira, karibu tani milioni 1 kwa mwaka, kwa sababu gesi yao ilikuwa na hewa ukaa karibu asilimia 9 na serikali yao ilishaweka kodi ya hewa ukaa tangu 1991. Mchanga ule una tabaka nyembamba za mfinyanzi ndani yake. Kabla ya kuingiza ungeweza kudhani zile tabaka zitaizuia hewa ikae chini muda mrefu. Kipimo cha mtetemo cha 1999 kikaonesha imeshafika juu kabisa chini ya mfuniko, imejipanga kwenye tabaka 9 kama chapati zilizopangwa, yaani ilipata njia ya kupita kwenye ule mfinyanzi ndani ya miaka mitatu. Mfuniko mkubwa umeshika, hakuna kilichotoka, ila watu wa modeli wamekaa miaka mingi wakijaribu kuifanya kompyuta itoe zile chapati 9 sawasawa na bado hawajazimaliza. Na huo ni mradi wenye data nyingi pengine kuliko mwingine wowote duniani! Kwa hiyo mtu akikuletea modeli ya sehemu yenye visima viwili akakuambia ana uhakika, mpe chai, mwache aende.

Kwa hiyo modeli ni uongo tu?

Hapana, usikimbilie huko. Modeli haikuambii kitakachotokea, inakuambia kati ya mambo yanayoweza kutokea, lipi likuogopeshe na ukapime wapi. Snøhvit, hukohuko Norwe, walianza 2008, presha ikapanda haraka kuliko walivyotegemea kwa sababu mwamba wa Tubåen uligeuka kuwa na mipaka iliyofunga. Walikuwa wanapima, wakaiona mapema, wakahamia tabaka nyingine inayoitwa Stø. In Salah, Algeria, jangwani kabisa, waliingiza kati ya 2004 na 2011 karibu tani milioni 3.8, satelaiti zikaona ardhi imeinuka milimita kadhaa juu ya visima, umbo la mwinuko likaonesha kuna nyufa zimefunguka huko chini, wakasimamisha. Kila mara ni hivyo, modeli inasema hivi, kipimo kinasema vile, unairekebisha modeli ifanane na yaliyotokea, unaendelea. Sisi tunaita kulinganisha na historia. Modeli ambayo haijawahi kulinganishwa na kipimo chochote mi naiita katuni.

Ikitoka itatuua? Nimesikia habari ya ziwa kule Kameruni.

Ziwa Nyos, 1986, watu kama 1,700 walifariki, ni kweli na inatisha. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikitoka nyingi kwa mara moja inatiririka mabondeni na kulala pale. Lakini Nyos ni ziwa la volkano lililokuwa limejaa hewa ukaa iliyoyeyuka, likapinduka lote kwa usiku mmoja kama soda iliyotikiswa. Kwenye mwamba kilomita moja chini, kila tone linapita kwenye vitundu vya unene wa unywele au chini ya hapo, haiwezi kulipuka namna ile.

Ninachoogopa mimi ni visima vya zamani. Mwamba umeshika mamilioni ya miaka, halafu binadamu kaja kautoboa, kaweka bomba la chuma na saruji, miaka 50 baadaye chuma kimeliwa kutu. Aliso Canyon, California, hiyo ilikuwa ghala la gesi asilia kwenye uwanja wa mafuta uliokwisha, mwaka 2015 kisima kilichochimbwa miaka ya 1950 kikapasuka, gesi ikatoka karibu miezi minne, watu maelfu wakahama nyumba. Mwamba haukuwa na kosa. Kwenye modeli zangu kila kisima cha zamani nakichora kama njia inayoweza kuvuja, na kinachonipa usingizi mbaya ni kile ambacho rekodi yake haipo.

Halafu mjue hewa ukaa ya ardhini si ngeni hapa Tanzania. Kule Rungwe inatoka yenyewe chini, inavunwa, na nyingine inaishia kwenye soda tunazokunywa.

Inakaa huko milele au itakuja kutoka?

Kuna vitu vinne vinaishika, na vinafanya kazi kwa zamu. Kwanza mfuniko. Pili, ikisogea inaacha matone nyuma yake yamenasa kwenye vitundu, kama mafuta yanavyobaki kwenye sufuria hata ukimimina, hayo hayatoki tena. Tatu inayeyuka kwenye maji ya chumvi, na maji yenye hewa ukaa ni mazito kidogo kuliko yasiyo nayo, kwa hiyo yanazama badala ya kupanda, hiki ni kitu kizuri sana ukikiona kwenye skrini, vidole vinashuka taratibu kama mizizi ya mkoko. Nne inageuka jiwe, ila kwenye mchanga hiyo ni habari ya maelfu ya miaka. Kwenye mawe ya volkano ni haraka, Iceland mradi wa CarbFix waliripoti 2016 kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Usije ukachukua hiyo namba ukaitumia kwenye mchanga wa Mtwara, tafadhali.

Sasa haidrojeni inaingiaje hapa? Si ni kitu tofauti?

Tofauti kabisa, kazi yake hata nia yake. Hewa ukaa unazika, hutaki kuiona tena. Haidrojeni unaweka akiba, kama korosho ghalani, unaitengeneza kutoka kwenye maji kipindi una umeme wa ziada wa jua au upepo, unaiingiza chini, unaitoa kipindi huna. Kwa hiyo maswali ya modeli yanageuka: nikiweka 100 nitapata ngapi, na itatoka safi?

Haidrojeni ni nyepesi mno. Kwenye ile bar 100 na nyuzi 50 mita ya ujazo moja ina kilo 7 hivi tu, hewa ukaa palepale ni 380. Kilo moja ina nguvu nyingi kweli, karibu uniti 33 za umeme, lakini kwa ujazo inabeba kama theluthi tu ya gesi asilia. Ikiingia kwenye mwamba inakimbilia juu chini ya mfuniko, inatambaa mbali, inapenya kwenye maji kwa vidole badala ya kuyasukuma sawasawa, na ukija kuitoa unakuta sehemu imebaki imenasa na sehemu imechanganyika. Ndo maana lazima uwe na gesi ya mto (mto wa kulalia, si mto wa maji), ile inayokaa chini kudumu kushikilia presha na huitoi, na modeli nyingi kazi yake ni kuuliza mto uwe wa nini, haidrojeni yenyewe, naitrojeni, gesi asilia, au hata hewa ukaa.

Halafu kuna wadudu. Sikutanii. Huko chini kuna bakteria, na haidrojeni kwao ni ugali. Wengine wanaila pamoja na hewa ukaa wanatoa methani, ile gesi kuu ndani ya gesi asilia, wengine wanatoa ile gesi inayonuka mayai viza ambayo ni sumu na inakula chuma. Kule Lobodice, Cheki, zamani walihifadhi gesi ya mjini, ile iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, iliyokuwa na haidrojeni nyingi, wakakuta haidrojeni imepungua na methani imeongezeka. Kwa hiyo modeli ya haidrojeni inabidi iwe na hesabu za kulisha bakteria ndani yake, wanazaliana vipi, wanakufa kwenye chumvi kiasi gani, joto kiasi gani. Ukizidi joto fulani wengi wanashindwa, na hapo joto letu la pwani lile nililolilalamikia kwenye hewa ukaa linaweza likawa faida.

Nimesikia chumvi ndo nzuri ya kuhifadhia haidrojeni. Lindi si tuna chumvi?

Si ile ya mashamba ya chumvi unayoiona ukipita barabarani. Ni chumvi ya mwamba, tabaka nene chini sana. Unachimba kisima, unaingiza maji yanaiyeyusha, unatoa maji ya chumvi, linabaki pango. Hili sasa ndo pango la kweli. Teesside, Uingereza, wanahifadhi haidrojeni hivyo tangu 1972, Texas tangu miaka ya 1980. Bakteria ni wachache, haidrojeni inatoka safi, unaingiza na kutoa haraka.

Na ndiyo, bonde la Mandawa, upande wa Kilwa na Lindi, visima vya kutafuta mafuta vya miaka ya 1950 vilikuta chumvi. Nikisema hivi watu wanasimama. Kaeni kwanza. Chumvi ikiwa kina kirefu sana inabanwa na kutiririka polepole kama ugali wa moto, pango linajifunga lenyewe, na ikiwa na matabaka ya mfinyanzi katikati haliyeyuki vizuri. Lazima mtu aangalie iko kina gani, unene gani, safi kiasi gani. Ninayo modeli ndogo ya chumvi ya kuchezea, pango moja tu, presha inapanda na kushuka kila wiki naangalia kuta zinavyojongea. Ni ya kujifunzia, si ya Mandawa, nisije nikanukuliwa.

Matetemeko je?

Yanaweza kutokea ukisukuma presha karibu na ufa wa mwamba ambao tayari umekaa mkao wa kuteleza. Hispania 2013, mradi wa Castor, waliingiza gesi kwenye uwanja wa zamani wa mafuta baharini, yakaanza matetemeko mamia, makubwa yake yakapita 4, serikali ikausimamisha na haukufunguliwa tena. Modeli ya mtiririko peke yake haioni hiyo, unahitaji nyingine ya nguvu za mwamba ziunganishwe, na hapo hesabu inakuwa nzito mara kadhaa, wengi wanairuka kwa sababu ya muda. Usiruke.

Gesi yetu ina hewa ukaa nyingi ya kuzika?

Kidogo sana, gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni methani. Hewa ukaa inatokea ukishaichoma. Kwa Mtwara mimi ningeangalia saruji, maana kiwanda cha saruji hata ukiwasha tanuri kwa jua tupu, mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa yanatoa hewa ukaa, na hiyo ni zaidi ya nusu ya moshi wote. Hiyo huna pa kuikwepa.

Nataka kujifunza, nina laptopu ya kawaida. Inawezekana?

Inawezekana sana. Programu za makampuni zina bei ya kununua nyumba, ila zipo za bure: OPM Flow, inapenda kompyuta ya Linux, na MRST ya watu wa SINTEF, taasisi ya utafiti ya Norwe. Data ya Sleipner iko wazi, ya uwanja wa mafuta wa Norne iko wazi, na kuna zoezi la SPE11 la hewa ukaa ambalo watu duniani kote wamelifanya ukaona majibu yenu yanatofautiana wapi, na yanatofautiana kweli, tatizo lilelile, hesabu zilezile, wataalamu tofauti, picha tofauti. Anza na modeli bapa, vijumba elfu chache, memori GB 8 inatosha. Jifunze Python kidogo, lugha ya kuandikia programu.

Na angalia vipimo! Modeli yangu ya kwanza niliandika darsi badala ya milidarsi, mwamba ukapenyeza mara 1,000 zaidi, nikaiacha usiku, asubuhi nakuta gesi imeshatoka nje ya gridi yote, yaani vijumba vyote. Ningekuwa na gridi kubwa ingevuka Ruvuma ikaingia Msumbiji. Nilishangilia dakika tano nzima nikidhani nimegundua kitu.

Hii akili mnemba si ingemaliza kazi yote?

Inasaidia. Unaendesha modeli halisi mara elfu, unaifundisha akili mnemba ile mifano, afu inakupa jibu la haraka kwa sekunde badala ya saa. Lakini imejifunza kwa modeli, haijajifunza kwa mwamba. Modeli zako elfu zikiwa zimesahau ufa mmoja, na yenyewe itausahau, kwa kasi zaidi.

Siku wataalamu wakija kijijini na hizo picha za rangi, tuwaulize nini?

Baada ya zile vurugu za bomba la gesi la kwenda Dar mwaka 2013 najua watu wa huku wakiona mgeni na projekta wanakunja mikono, na siwalaumu. Ila msinyamaze, na msiishie kuuliza ajira. Mwambieni awaoneshe picha mbaya kuliko zote alizopata, si ile moja nzuri, maana kama ameendesha mara mia anazo. Muulizeni visima vya zamani viko vingapi kwenye eneo lile, nani alivifunga, na karatasi zake ziko wapi. Presha ikifika namba ngapi mtasimamisha, na nani ana mamlaka ya kusimamisha, mwekezaji mwenyewe au mwingine. Mtapima nini mwaka wa kwanza na tutaonaje sisi majibu. Akisema modeli imethibitisha kwamba ni salama, mzee aliyekaa mbele amuulize taratibu tu, "imethibitishwa na kipimo gani, mwanangu?", na asikae mpaka ajibiwe.